Saketi ya Nasra

Jumatatu, 3 Juni

Ukungu tena. Mlima haukuonekana siku nzima. Maabara baridi, tumefanya kazi na makoti. Nasra anachora saketi, mimi naijaribu kwenye kompyuta. Haina transista hata moja, zile swichi ndogo za kawaida. Tunatumia memrista, kijenzi kinachokumbuka umeme uliopita ndani yake hata ukishauzima. Nasra ameipanga ijumlishe namba kubwa kwa hatua chache kuliko yoyote niliyowahi kuiona. Nimetafuta pa kupunguza, sijapata. Naona wivu. Dk. Laizer, msimamizi wetu, ameshawatangazia wakuu wa chuo. Ijumaa ya wiki ijayo michoro inakwenda kiwandani, Ulaya, ikatengenezwe chipu. Tuna nafasi moja tu.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya. Nasra amekuja na swali. Kompyuta yetu inachukulia kila memrista ni sawasawa na mwenzake. Kiwandani hazitoki hivyo. Basi akazivuruga kidogo kwa makusudi, hii ipitishe umeme zaidi, ile pungufu, kisha akaiendesha saketi. Majibu ya ovyo. Akarudia. Ovyo. Kosa dogo la mwanzo linabebwa hatua hadi hatua mpaka moja inasomeka sifuri.

Saketi ni yake na aliyeiangusha ni yeye. Hakuna aliyemwomba.

Ijumaa, 7 Juni

Tumegombana. Mimi nilitaka tuitume hivyo hivyo, tuandike kwamba ni jaribio la kwanza. Watu wanafanya. Shahada yangu imesimama juu ya saketi hii.

“Eli, jina la kwanza kwenye michoro ni langu,” akasema. “Ikirudi imekufa, nitasema sikujua?”

Nikamwambia ana kiburi. Akafunga kompyuta, akaenda kwao Kaloleni. Nimekasirika mpaka kichwa kinauma.

Jumatatu, 10 Juni

Nasra amemwambia Dk. Laizer. Niliingia naye, sikufungua mdomo zaidi ya shikamoo. Hakuzunguka: saketi niliyochora haitafanya kazi, mwalimu, na hii ndiyo sababu. Sauti haikutetemeka.

Dk. Laizer aliyatazama majibu kwa muda mrefu. Hakupandisha sauti.

“Ijumaa saa kumi natuma. Mkiwa na kitu nitatuma chenu. Mkikosa, nafasi wanapewa wenzenu.”

Nje nilimwuliza Nasra tunaanzia wapi. “Kwenye kufuta,” akasema. Akafuta. Kazi ya mwaka mzima, mbele ya macho yangu. Mimi nisingeweza.

Jumatano, 12 Juni

Sasa nimemwelewa. Ameacha namba kubwa. Saketi mpya inajumlisha tarakimu mbili tu, za sifuri na moja, basi. Lakini kila jibu la katikati linasomwa na kuandikwa upya, kwa nguvu kamili, kabla ya kuvuka kwenda hatua inayofuata. Kosa halipati pa kujificha. Inakwenda polepole. Haina urembo wowote. Mtu asiyejua ataiona ni kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Leo nami nimechangia: kuna memrista inayomaliza kazi mapema, inaweza kutumika tena. Nasra akaangalia, akacheka, akanipiga bega. Nimefurahi kama mtoto. Tumeivuruga kwa kila namna. Haijakosea.

Ijumaa, 14 Juni

Imetumwa. Dk. Laizer alibonyeza mwenyewe. Akasema tu, “Nendeni mkale.” Tukala ndizi-nyama.

Jumatatu, 2 Septemba

Nasra ameondoka. Amepata kazi ya kufundisha Mbeya. Meza yake tupu. Chipu bado haijarudi.

Jumanne, 5 Novemba

Imerudi. Ndogo kuliko ukucha. Tumeifunga kwenye mtambo wa vipimo, mimi na Dk. Laizer. Kwanza tulipima memrista moja moja. Zinatofautiana zaidi hata kuliko Nasra alivyokisia. Saketi ile ya kwanza isingefika popote.

Kisha tukajumlisha. Sifuri na sifuri. Sifuri na moja. Sahihi. Dk. Laizer alisimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Moja na moja.

Nikampigia Nasra pale pale. Alikuwa anatoka darasani nilipomwambia chipu imerudi.

“Moja na moja inasemaje?” akauliza.

“Moja, sifuri.” Ndiyo mbili, kwa lugha ya saketi.

Nikamsikia akirudi ndani, akafunga mlango.

“Rudia,” akasema. Sauti imebadilika.

Tukarudia naye akiwa kwenye simu. Tena na tena. Dk. Laizer akaichukua simu, akamwambia, “Binti yangu, umefanya kazi.” Sijawahi kumsikia akimwita mtu hivyo.

Nimefanya kazi na watu wengi wenye akili. Mwenye moyo wa kuiangusha kazi yake mwenyewe wakati wote wanaisifia, nimemwona huyu mmoja.

Jumapili, 10 Novemba

Nyumbani, Akheri. Baada ya ibada nimekaa jikoni na mama, tunachambua maharage. Mvua ya vuli inanyesha kwenye migomba. Akaniuliza mwaka huu mzima tumetengeneza nini hasa. Nikamwambia: kitu kinachojumlisha moja na moja.

“Mwaka mzima?”

“Mwaka mzima, mama.”

Akafikiri kidogo, mkono ndani ya ungo.

“Basi ilikuwa ngumu,” akasema, akanisogezea maharage mengine.