Mawe ya Kibanda cha Tatu

Jumamosi, Usevya.

Na bado simwamini yule mama.

Vijana wa mchezo wa kuigiza falme za kale wamenileta hapa porini niwachoree sehemu zao za matambiko: vibanda vya maboksi, mafuvu ya plastiki, mfalme mwenye taji la bati. Uongo mtupu, na wenyewe wanajua.

Lakini Mama Kalista, mpishi wetu, mwenyeji wa hapa, kila akipita kibanda cha tatu anavua ndala. Leo amemwaga na unga kidogo kwenye mawe ya mlangoni. Nikahisi vijana wamempanga aigize ili wanicheke.

Nikamuuliza, "Mama, si unajua huu ni mchezo?"

"Kibanda ni chenu, mwanangu. Hayo mawe nyie mmeyatoa wapi?"

Nikamfuata mfalme wao. Akajibu huku anatafuna muwa: waliyakuta kule kilimani, manne, yamepangwa vizuri, wakaona yatafaa. Hawakumuuliza mtu.

Sasa nimefungua daftari la michoro. Kibanda cha tatu nimekichora vizuri, hata unga upo. Mawe ni matatu.

La nne nililikalia mimi, tangu asubuhi, nikichora.