Tangi la Samaki la Mama

Bura,
Jumatano.

Ndugu yangu mpendwa Sylus,

Salamu nyingi kutoka milimani. Natumai uko mzima, kifua hakikusumbui na hiyo baridi yenu, na yule bosi wako amepunguza mdomo. Sisi huku tunapumua. Mvua imegoma, mahindi ya kule chini yamekauka yakiwa bado yanafika magotini, ila hapa juu sukuma wiki ipo na kabeji za jirani yetu Mumbe zimefunga vizuri. Usishtuke kuona nimeandika Bura badala ya Voi. Nitafika huko. Unanijua, mimi ni mwalimu, siwezi kuanza somo katikati.

Najua pia utajiuliza ni nani siku hizi anaandika barua kwa kalamu na simu anayo mfukoni. Sababu ipo, na utaiona. Barua hii nampa Thadeus, yule tuliyesoma naye, ambaye likizo yake imekwisha na anapanda ndege kurudi huko kwenu. Nimemwambia akupe mkononi, asikupe mbele ya watu, na asiondoke mpaka umalize kusoma.

Wacha nianze na lile tangi la samaki, kwa sababu ni wewe uliyeniletea balaa hilo nyumbani. Figo za mama zilipokataa kazi, na ikabidi ahamie kwangu Voi ili awe karibu na mashine ya kusafisha damu, ulisoma mahali fulani kwamba mgonjwa akitazama samaki wakiogelea presha inashuka na roho inatulia. Nilikucheka sana siku ile. Mama yetu, mwanamke wa jembe, umkalishe kwenye kiti atazame samaki asiyeliwa! Lakini wewe ukishikilia jambo huachi, na Abby akawa upande wako. Mke wangu mwenyewe, bwana. Nikashindwa kwa kura ndani ya nyumba yangu.

Kulitengeneza hakukuwa mchezo. Fundi wa vioo aliunganisha tangi kwa silikoni, akaapa kwamba hata tembo akilikalia halitavuja. Tulipolijaza lilivuja usiku huohuo, kochi likalowa lote. Akalibandika tena, likashika. Mchanga tuliuchota mtoni, na Abby akauosha mpaka akasema hata mchele wa harusi yake haukuoshwa hivyo. Samaki wakaja kwa treni kutoka Mombasa ndani ya mifuko ya plastiki, wekundu wawili wanene na wengine wadogo wenye mikia ya madoadoa. Tukawatia siku hiyohiyo kwenye maji ya bomba, tukapiga picha, tukakutumia. Ulifurahi sana. Kufika Jumapili wote walikuwa wanaelea wakitazama dari.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na nilisoma kweli, kama mtu anayengoja mtihani. Nikajua kwamba maji ya bomba yana dawa, lazima yakae kwenye ndoo wazi kwanza, na kwamba ya kisima chetu yana chumvi mno, hayafai kabisa. Nikajua kwamba tangi jipya huachwa wiki kadhaa pampu ikizunguka bila samaki, ili vijidudu vizuri visivyoonekana vizaane kwenye mchanga na sponji, maana hivyo ndivyo vinavyokula uchafu. Abby alisema nimerogwa, maana nilikuwa natia chakula cha vijidudu kwenye tangi lisilo na samaki. Mama aliniambia nisiharakishe, hata shamba hupumzishwa.

Wa pili walipokuja waliishi. Lo, Sylus, ungemwona mama! Mnene mmoja alimpa jina Chifu, kwa sababu ya tumbo na kwa sababu hafanyi kazi yoyote. Shida ikawa chakula. Mama hawezi kula mbele ya kiumbe kisichokula, ndivyo alivyolelewa, kwa hiyo kila sahani yake ilikuwa na fungu la Chifu. Ugali, maharage, siku moja nikakuta kipande cha kimanga cha mihogo na maharage kinayeyuka kwenye mchanga na maji yote yamekuwa kama uji. Nikamgombeza. Akanitazama akasema kwamba hakunilea niwe mchoyo. Akina mama wa kanisa nao walipokuja kuomba naye, swali lao lilikuwa moja tu, samaki hao wanakaangwa lini.

Stima ikipotea pampu ilikufa, na samaki wakaanza kupanda juu kutafuta hewa. Mama akajifunza kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yaingie hewa, akichota na kumimina huku akiimba nyimbo zake za kanisani. Mikono ilikuwa imekonda, ile mishipa ya mashine imevimba, lakini alichota. Nakiri kwamba ulisema kweli, ndugu yangu. Tangi lile lilimpa mama furaha, na mimi nikafurahi pamoja naye, na ndiyo maana sikuona kilichokuwa kinakuja.

Unakumbuka tulichokubaliana mimi na wewe kwenye simu, daktari alipotueleza hali yenyewe. Tulisema mama asiambiwe. Tukamwambia kwamba ni miezi sita tu ya mashine, figo zipumzike, halafu zitaamka na atarudi Bura kulima viazi vyake. Mimi ndiye niliyemwambia na wewe ukaunga mkono, na kila alipouliza tulisogeza mbele, kidogo tu, mama, bado kidogo. Aliamini. Kila Jumatatu na Alhamisi alipanda gari kwenda kutobolewa kwa sababu aliamini kuna siku itakwisha.

Sasa, kazi ya kila wiki ya tangi ni kutoa sehemu ya maji na kutia mengine. Unatumbukiza mpira wa maji, unavuta kwa mdomo kama wezi wa dizeli barabarani, kisha maji yanashuka yenyewe kwenye ndoo. Kila mara nilimeza funda moja na mama alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye ndiye aliyekuwa akinishikia ule mpira. Jumamosi moja akaniuliza kwa nini tunamwaga maji ambayo kwa macho yake ni safi kabisa.

Na mimi, ualimu ukanipanda kichwani. Nikamweleza kama ninavyoeleza darasa la sita. Nikasema uchafu wenyewe unatoka ndani ya samaki, katika mkojo na pumzi, na hauonekani. Mtoni maji yanaondoka nao, lakini kwenye kioo hakuna pa kwenda, unakusanyika mpaka uwe sumu. Akauliza kama wakishazoea hapa nyumbani wataacha kuuhitaji huo usafi. Nikasema hapana, mama, samaki wa tangi ni wiki kwa wiki mpaka mwisho wa maisha yao. Akauliza tukiacha itakuwaje. Nikamwambia kwamba mwanzoni hutaona kitu, halafu wataanza kuzubaa, watakataa chakula, watapumua kwa shida, halafu basi. Akautazama mkono wake. Kisha akauliza kama ile mashine ya hospitali nayo inafanya kazi hiihii. Nikamwambia ndiyo, mama, hivyo hivyo kabisa, umeelewa vizuri! Nilimsifu, Sylus. Nilimsifu kama mwanafunzi aliyepata jibu.

Ndipo nikasikia nilichosema. Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa Kidawida, kama ile miezi sita ilikuwa yangu au yako. Aliendelea kunishikia mpira mpaka ndoo ikajaa, akanikumbusha nisisahau kutia yale ya kwenye ndoo ya bluu, akaenda kulala bila kula.

Aliendelea na mashine kwa wiki chache bila kuligusa jambo hilo. Nikadhani limepita, kumbe alikuwa anafikiri. Siku moja tukitoka hospitali aliniambia nimrudishe ndani kwa daktari, akaomba nikae nje, akauliza maswali yake mwenyewe. Alipotoka alisema imetosha. Anataka kitanda chake, moshi wa jiko lake na kaburi la baba pale nje. Nililia kama mtoto pale kwenye maegesho, watu wananitazama. Nikampelekea mchungaji, naye akakaa naye mchana mzima, akatoka ameinamisha kichwa, akaniambia hana la kumwongezea. Daktari akanieleza kwamba mgonjwa ana akili zake timamu na uamuzi ni wake. Nikasema basi nimpe figo yangu, wakanipima, wakakuta sukari ambayo hata mimi sikujua ninayo. Nikakataliwa. Nilipotaja jina lako mama alinyanyua fimbo, Sylus, alininyanyulia fimbo mimi na mvi zangu, akasema hakuna mtoto wake atakayepasuliwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo nimemleta nyumbani, mimi mwenyewe. Hii ni wiki ya pili hapa Bura. Zile Jumapili mbili nilizokuambia mtandao wa Voi umeharibika na picha haziji, nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko la mama, na ile sauti uliyosema imechoka ni ya mtu asiyeweza tena kulala chali. Analala amekaa. Miguu imevimba mpaka kanga hazifungi vizuri, na chakula amekataa tangu juzi, anaonja tu chai. Muuguzi wa hapa huja kumpa dawa ya kumpunguzia kuhema. Hakuna kingine, na sitaki kukudanganya kwamba kuna kingine. Tumekwisha danganya vya kutosha.

Samaki wamekufa. Abby alibaki nao Voi, stima ikapotea kutwa na usiku kucha, naye alikuwa huku juu ameniletea nguo na blanketi. Niliposhuka nilimkuta Chifu amelala ubavu juu ya mchanga. Sikujua kwamba samaki anaweza kumliza mtu mzima. Nikamwaga maji uani, tangi likabaki tupu pale sebuleni, na mama hajaambiwa wala hajauliza.

Sasa ile sababu ya kalamu. Siku tuliyofika hapa mama alinishika mkono akanifanya niape kwamba sitakuambia kwenye simu mpaka awe amekwisha zikwa. Anajua karatasi zako huko hazijakaa sawa. Anajua ukitoka hurudi, na nyumba na kazi na huyo mtoto wako wa huko vyote vitakuponyoka. Alisema hataki uchague kati yake na mtoto wako, kwa sababu anajua ungechagua vibaya. Nikaapa. Simu nimeapa, karatasi hakuitaja, na kama ni dhambi nitaibeba, maana nina nyingine kubwa zaidi.

Sikuandikii ili uje. Sikuandikii usije pia. Ukija, huenda ukamkuta amekwisha lala, na utakuwa umepoteza kila kitu kwa ajili ya kurusha udongo. Usipokuja, hapa hakuna mtu atakayekunyooshea kidole, na akijaribu atanikuta mimi. Nilitaka tu ujue mapema, kwa mkono wa ndugu yako, usije ukajua kwa picha ya jeneza kwenye simu ya watu. Mama alijua yake kutoka kwa samaki. Hilo linaniuma kuliko yote. Wana wawili wazima, tumesomeshwa kwa viazi vyake, na aliyemwambia ukweli ni samaki.

Kama barua hii itakufikia kabla ya Jumapili, piga simu kama kawaida. Atasema hajambo. Mwache aseme. Usilie, na kama umeshindwa sema ni mafua, huko baridi, ataamini au atajifanya anaamini. Mwambie habari za mtoto, anapenda sana kusikia meno yameota mangapi. Usiharakishe kukata.

Abby anakusalimu sana, macho yake yamevimba lakini amejikaza. Mumbe jirani anakusalimu, anasema bado anakukumbuka ulivyokuwa ukimwibia mapera. Mama hakusalimu, kwa kuwa hajui ninakuandikia. Amekaa mlangoni anaota jua na blanketi begani. Ameniuliza naandika nini kirefu hivyo, nikamwambia nasahihisha mitihani. Amesema nisiwabanie watoto wa watu alama, niwape.

Ni mimi nduguyo,
Crispus.