Mikono Miwili ya Chiku

Songea, mwezi wa Rajabu

Kwa dada yangu Mwanne, nyumbani kwa Bwana Daimu, Tunduru.

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umekula ukashiba, na mguu wa shemeji umepona, maana mchukuzi aliyetoka huko kaniambia bado anachechemea. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Njaa iliyofuata vita na Wadachi imeanza kutusahau. Mwaka huu mahindi yapo hata sokoni chini ya Boma. Umeuliza mbona katika barua yangu iliyopita salamu za mke wangu Chiku hazikuwamo. Nitakujibu, lakini niache nianzie mbali kidogo. Wewe unanijua: utotoni nililia hata ulipompakulia paka kabla yangu.

Mwaka jana alikuja hapa mnunuzi wa nta, Mchina, jina lake Achoi. Aliletwa pwani pamoja na wenzake kufanya kazi katika mashamba ya Wadachi. Wengine wakafa, wengine wakarudi kwao, yeye akabaki akageuka mfanyabiashara. Alisema anatafuta mtu mmoja tu wa kumkusanyia nta ya Ungoni yote. Nilijua mtu huyo ni mimi. Nani mwingine? Bakili, muuza chumvi yenye mchanga? Mimi biashara nimefunzwa Kilwa: unaingia, unataja bei, unaapa, unakasirika, unatoka, unaitwa.

Nikaingia kwa Achoi hivyo hivyo. Akamimina chai isiyo na sukari wala maziwa katika kikombe kisicho na mkono, akaninyooshea kwa mikono miwili. Mimi mtoto wa Kilwa nikaona mkono wa kushoto unanijia usoni! Nikakipokea kwa wa kulia, nikakiweka chini bila kunywa, nikataja bei. Akatabasamu. Nikataja nyingine, akatabasamu, nikadhani amekubali. Nta yangu ilipopimwa nikapiga kelele mbele ya wachukuzi wake wote kwamba mizani yake inakula uzito, kama tunavyosema Kilwa kila siku na mwenye mizani akacheka. Achoi hakucheka wala hakugomba. Alitabasamu tena, akaniambia nirudi kesho. Nikarudi, na kila niliporudi alikuwa na kesho nyingine.

Unakumbuka Chiku alivyokupokea siku ya harusi yetu: goti chini, mikono miwili. Ulicheka ukasema Wangoni hata kata ya maji wanaipokea kama mtoto mchanga. Ndivyo alivyolelewa, kabla vita havijamchukua baba yake. Basi siku moja akachukua sahani ya maboga, akaenda kwa Achoi bila mimi kumtuma. Wachukuzi walinisimulia kwamba Mchina alisimama, akaipokea kwa mikono miwili, akainama. Wakanywa chai mlango ukiwa wazi, mpaka birika likakauka, na nta haikutajwa. Haukupita muda, Achoi akatangaza kwamba nta yote ipitie kwa Chiku.

Ningefurahi kama ningekuwa mtu mwingine. Mali iliingia nyumbani mwangu, na mimi nikakonda. Sikujua hata namwonea wivu nani, Chiku kwa kupata kazi yangu, au Mchina kwa kupigiwa goti na mke wangu. Sokoni Bakili akaanza kunisalimu kwa jina la mume wa Chiku. Nilimwuliza Chiku wanazungumza nini huko. Akasema wanamzungumzia mama yake Achoi, aliyezikwa mwanawe hayupo, na baba yake Chiku mwenyewe, ambaye hata kaburi lake hawakuonyeshwa. Sikuamini, dada. Watu gani wanywe chai chungu kutwa nzima kwa ajili ya maiti?

Kisha siku moja akaniletea nyumbani chai ile ile, katika kikombe kile kile. Akaniomba ninywe polepole, halafu twende kwa Achoi pamoja. Nilichokiona mimi ni kikombe cha mwanamume mwingine ndani ya nyumba yangu. Nikakipiga teke.

Sasa jibu lako. Nimemwacha Chiku. Nilikwenda kwa mwalimu akaniandikia talaka moja, nikampa kwa mkono mmoja, nimekaa, uso nimegeuza ukutani. Dada, alipiga goti. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante baba, akaenda kwa shangazi yake, huko Mpitimbi.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Achoi kudai kazi yangu. Ndipo akaniambia jambo ambalo Chiku hakunitamkia hata siku moja. Siku ile ya maboga alikwenda kuniombea radhi. Alisema mume wake anaona haya kwa kumpigia kelele mbele ya watu wake, ndiyo sababu amemtuma yeye. Nta yote aliipokea kwa jina langu. Na Achoi alikuwa akingoja siku nitakayokwenda mwenyewe nikae, ninywe. Kikombe nilichokipiga teke kilikuwa changu.

Mizigo ya nta sasa inatoka Mpitimbi na kupita mlangoni pangu. Wachukuzi wanasema Chiku hajambo, amenenepa. Amenenepa, dada! Nani anampikia? Sisemi wivu umeniacha. Nalala nao, naamka nao.

Eda yake haijaisha. Mwalimu anasema naweza kumrejea kwa neno moja tu, lakini sitaki kumwita kama mbuzi. Njoo kabla ya Ramadhani, twende Mpitimbi pamoja. Nataka nimpe kitu kama yeye alivyokuwa akinipa. Kila asubuhi najifunza na kikombe, peke yangu. Goti linakubali. Mkono wa kushoto bado unaona haya.

Nisalimie shemeji Daimu na watoto wote, mmoja mmoja. Bakili anakusalimu, ingawa sikumwomba. Za Chiku hazimo.

Mdogo wako,
Kassimu