Vidoa Visivyofifia

Jumapili, 6 Julai 1975

Wiki saba mke wa Zenon! Bado naandika jina lake pembeni mwa ukurasa, kama kidato cha pili nyuma ya daftari la jiografia. Kutwa naikumbuka harusi yetu kule kwetu Pito — vumbi, ngoma, na alivyonishika mkono hadi vidole vikauma. Utamu ule!

Miguuni nina vidoa vyekundu, vidogo kama punje za ulezi. Viroboto wa blanketi. Nimelianika juani.

Jumamosi, 12 Julai

Viroboto gani hawawashi? Sasa damu imevilia mapajani na mkononi, bluu kabisa, wala sikujigonga. Zenon kanitania kwamba usingizini napigana na fisi. Nimechoka tu. Shangazi Silvana alileta unga, akauona mkono. Hata chai hakunywa.

Alhamisi, 17 Julai

Kikao! Shangazi kamwita baba, naye kaja na blanketi lake la safari, kunirudisha Pito. Mzee Urbano, mshenga wetu, akaulizwa katuletea mume gani, wa kupiga mke kabla ya miezi miwili. Mke mpya haongei mbele ya wazee, mshenga ndiye mdomo wake. Nikanyamaza — kimya changu kikawa ushahidi. Zenon wangu akainamisha kichwa.

Shangazi alikuwa amemwita jirani yetu Mwantum, muuguzi, aje athibitishe kipigo. Mwantum akaomba glasi, moja ya zile za harusi, akavikandamiza nayo vile vidoa. Alisema wekundu wa upele ungefifia chini ya kioo. Wangu haukufifia. Akauliza kama fizi zinatoka damu. Zinatoka, kila asubuhi — nililaumu mswaki.

"Mzee, hii si kazi ya ngumi," akamwambia baba. "Damu inavuja yenyewe chini ya ngozi."

Baba hakuamini. Lakini hakunichukua.

Baadaye, uani, nikamsikia Mwantum akimwambia Zenon kwamba inaweza kuwa saratani ya damu. Haijulikani mpaka ipimwe Mbeya.

Jumatatu, 21 Julai

Stendi, twangoja basi la Mbeya. Baridi. Naandikia magotini. Baba kanifunika blanketi lile lile la safari. Zenon kamwamkia shikamoo. Marahaba imekawia, ila imekuja.

Nikitaka kuinuka, Zenon ananishika kwa ncha za vidole, asije akaniachia alama. Ah, mkono ule wa Pito! Nimemnong'oneza anishike kama siku ile, kwa nguvu.

Basi limewashwa. Zenon anamtazama baba. Anautazama mkono wangu wenye kalamu, anaush—