Karamu ya Baba Wadogo

Jumatano, 12 Oktoba 1927

Barua kutoka kwa Teofil. Mistari minne. Ni mgonjwa, tumbo. Wiki ijayo anakwenda Poznań kupasuliwa. Anatuomba baba zake wadogo, mimi na Walenty, twende Jumapili tule naye mchana, tuagane.

Tuagane! Nimeisoma mara tatu.

Walenty alicheka. Akasema kama kuna bata bukini yeye anakwenda hata kwa magoti.

Acha nieleze kwa utaratibu, maana nikipanga mambo hofu hupungua. Kaka yetu Kazimierz alipofariki, Teofil mwanawe alirithi nyumba na mashamba. Lakini konde la ufukweni, pale ziwani Gopło, baba yetu alituachia sote. Bila saini yangu na ya Walenty haliuziki. Mwezi wa nane Teofil alitaka kuwauzia watu wa kiwanda cha sukari. Tulikataa. Akapiga meza ngumi: "Nyinyi wazee mtakufa lini?" Tangu siku ile hakuna salamu. Na sasa barua tamu kama uji wa asali.

Miaka thelathini na minane nimewasimulia watoto wa Kruszwica habari za watawala wetu wa kwanza. Kwanza kwa siri, nyuma ya mapazia, Wajerumani walipotutawala. Baadaye waziwazi, ubaoni. Naijua hadithi hii kuliko sala zangu. Popiel, mtawala wa mji huu huu, alijifanya mgonjwa. Mkewe Mjerumani ndiye aliyempa shauri. Akawaita baba zake wadogo ishirini waje kuagana naye. Akainua kikombe kilichochongwa kwa ujanja, povu likipanda juu hata asiyekunywa aonekane amekunywa. Yeye akagusa kwa midomo tu. Wazee wakanywa sumu, wakafa; panya wakatoka kwenye maiti zao, wakamla Popiel mnarani.

Mke wa Teofil anaitwa Gerda. Mjerumani wa Bydgoszcz.

Ijumaa, 14 Oktoba

Pelagia, anayetupikia, alirudi sokoni na habari zake kapuni pamoja na viazi. Kamwona Gerda duka la dawa. Kanunua sumu ya panya. Pakiti mbili!

"Mbili za nini?" nikauliza.

"Za panya, bwana mwalimu! Za nini tena? Mwaka huu wamezidi. Juzi mmoja kanikodolea macho kwenye unga kama mimi ndiye mgeni."

Nikasukuma sahani kando.

Jioni nilijaribu kumwambia Walenty. Nikaanza mbali kidogo, kwa Popiel, ili aone mantiki. Kosa langu la siku zote. Hata kwenye povu sijafika akanikata.

"Kaka, umesoma mpaka unaogopa kualikwa chakula. Mimi nimeendesha treni miaka thelathini, hakuna aliyenisimulia Popiel, na nalala usingizi mzuri."

Pelagia naye akacheka mlangoni. Nikaona haya. Habari ya zile pakiti mbili nikaimeza.

Jumamosi, 15 Oktoba

Kutoka dirishani naona Mnara wa Panya. Nimejifundisha mwenyewe somo, kwa sauti: Bonifacy, mnara huu ulijengwa miaka mia tano baada ya huyo Popiel. Wasomi wanasema hata mtu mwenyewe hakuwepo. Panya hawatoki kwenye maiti. Hiyo ni hadithi ya kueleza kwa nini ukoo mmoja ulikwisha na mwingine ukaanza, wa Piast, fundi magurudumu aliyewakaribisha wageni wawili waliofukuzwa kwa Popiel.

Somo zuri. Kisha panya akapita chini ya kabati, nikapiga kelele kama mtoto.

Jumapili, 16 Oktoba. Saa kumi, tumerudi sasa hivi

Naandika na kofia ningali nimevaa.

Teofil alitupokea mlangoni kwa mkate na chumvi, heshima ya wageni. Amekonda, amekuwa wa manjano kama nta. Nilijiambia: mtu hawezi kujifanya hivi. Kisha nikajiambia: Popiel naye walimwaminije?

Bata bukini, kabichi chachu, maandazi ya viazi. Walenty alikula kwa niaba ya marehemu wote wa ukoo. Mimi nilisubiri Gerda aonje kila kitu, ndipo nikaonja. Gerda akaniambia, Baba mdogo, huli, chakula changu kibaya? Nikasema meno.

Habari ya konde hakuna aliyeigusa. Hakuna karatasi, hakuna kalamu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Maana anayetaka saini huleta kalamu — anayesubiri kuturithi hana haja nayo!

Kisha ikaja pombe ya asali. Chupa ya mwisho ya Kazimierz. Gerda alimimina jikoni, akaleta bilauri nne kwenye sinia. Kwa nini jikoni?

Teofil akasimama, akishika kiti. "Baba zangu wadogo, nilisema neno baya mwezi wa nane. Sitaki kulala chini ya kisu nikiwa nalo. Tunywe, liishe."

Akainua. Nilimtazama koo. Koo halikusogea. Aligusa kwa midomo tu!

Niligeuka dirishani, nikajifanya natazama ziwa. Yangu nikaimwaga kwenye chungu cha ua. Yote. Nilipogeuka, Walenty alikuwa anafuta masharubu.

"Kazimierz mwenyewe huyu!" akasema. "Niongeze, binti yangu."

Akaongezwa.

Njiani kurudi aliimba. Nilihesabu hatua zake.

Jumatatu, 17 Oktoba

Walenty anaumwa. Tangu asubuhi anatapika. Tumbo, baridi, jasho. "Bata amefufuka," alisema, kisha hakutania tena.

Daktari Rybarczyk alikuja saa tatu. Nilimfundisha mimi, mtoto mwangalifu, mwandiko mzuri. Akamminya tumbo, akauliza alikula nini. Nikamtajia. Alikunywa nini. Nikamtajia.

"Na wewe, mwalimu, ulikula hivyo hivyo?"

"Nilikula."

"Pombe ya asali pia? Chupa ileile?"

Walenty alikuwa macho, ananitazama.

Nikasema ndiyo. Nilikunywa.

Daktari akashusha pumzi. Basi si kinywaji, akasema, mngelala wote wawili. Ni mafuta ya bata na umri. Akaacha matone, na chai ya mnanaa. Akaenda.

Neno moja. Lilinitoka lenyewe. Ningesemaje? Kwamba nilidhani ni sumu? Angeuliza lini nilidhani. Ningesema tangu Jumatano. Na ndugu yako, mwalimu, ulimwambia?

Alasiri alikuja Gerda. Nilimwona akivuka uwanja na kikapu. Kesho asubuhi anampeleka Teofil kwenye treni. Kaleta supu kwa mgonjwa, na pakiti moja ya sumu ya panya, akampa Pelagia. Kumbe Pelagia ndiye aliyemwagiza hiyo ya pili, pale pale dukani, na hakuona haja ya kuniambia.

Kwenye ukumbi alisimama karibu nami, akasema polepole, kwa ile lafudhi yake:

"Baba mdogo, ua langu linanukia asali."

Nikatazama kikapu chake.

"Nilikuona. Teofil sijamwambia. Yeye daktari kamkataza hata tone, akagusa tu ili nyinyi msione vibaya. Amefurahi sana. Anasema baba wadogo wamekunywa, sasa naweza kwenda." Akafunga kitambaa kichwani. "Usipotaka kumsamehe, sawa. Lakini ungesema meno tena."

Akaenda. Supu ipo mezani. Sijamwambia Pelagia aipashe moto. Sijamwambia aimwage.

Jumanne, 18 Oktoba

Walenty ni mbaya zaidi. Midomo ya buluu. Anasema miguu inamchoma kama amekanyaga makaa. Mafuta ya bata hayachomi miguu. Au yanachoma? Mimi ni mtu wa historia, sijui!

Treni ya Inowrocław, ya kuunganisha na ya Poznań, imepiga honi. Ndio hao wanakwenda.

Nipange. Kama pombe ile ilikuwa safi, nimemtukana mgonjwa mezani kwake, nikamwita mkewe muuaji moyoni mwangu, kwa sababu ya kabila lake na hadithi ya ubaoni. Kama haikuwa safi, nimekaa kiti cha pili na kumtazama ndugu yangu akinywa. Mara mbili. Kwa vyovyote, daktari anatibu kwa neno langu, na neno langu ni uongo.

Nimeifundisha karamu ile miaka thelathini na minane, na siku zote nilijiweka upande wa wazee ishirini. Mezani pale Jumapili walikuwapo waliogusa bila kunywa wawili. Mmoja alikuwa amekatazwa na daktari.

Saa nne. Nimemtuma Pelagia kumwita Rybarczyk arudi upesi. Nimekaa kando ya kitanda, daftari magotini. Walenty kafumbua macho. Anasema mkono wangu una baridi kuliko wake. Kisha:

"Kaka. Ile asali ya Kazimierz. Ilikuwa tamu, siyo?"

Nimesema, pumzika.

Farasi wa daktari wamesimama mlangoni. Anapanda ngazi, anazungumza na Pelagia, anasema lazima aanze upya, aambiwe kila kilichopita mdomoni, mtu kwa mtu. Walenty kamsikia. Anajaribu kutabasamu, ameshika kishikizo cha koti langu.

"Mwulize kaka," anamwambia, mlango ukifunguka. "Yeye hupenda kueleza."