Nilivyomwita Nasreen Mhindi

Barking, Jumanne

Samahani, daftari langu, nimekutupa tangu mwanangu Zuri aanze kutambaa.

Leo mdomo umeniponza. Nilikuwa kwenye ngazi nikiongea na mama kwa simu, nikamwambia mtoto nimemwachia Mhindi. Kwetu Kisumu, tofauti na huku ughaibuni, wenye asili ya Bara Hindi wote huitwa Wahindi. Kumbe Nasreen, anayenilelea mtoto asubuhi, ni Mpakistani. Mama Hetal wa mlango wa mkabala, anayekuja kumchukua mtoto kwake mchana, ndiye Mhindi, na Kiswahili alikulia nacho Nairobi. Akanisikia, akacheka, akamwita mwenzake mlangoni na kumtafsiria: "Nasreen, umesikia? Umekuwa Mhindi!"

Zamani wangecheka wote. Sasa nchi zao zinapigana, na kila dirisha lina bendera yake.

"Mimi? Afadhali nife," Nasreen akajibu.

"Basi kufa na bendera yako!"

Milango miwili ikabamizwa.

Nimeomba radhi hadi nimechoka. Jioni Nasreen akaniandikia: mtoto hana kosa, mlete, ila yule asikanyage hapa. Mama Hetal naye anampenda Zuri, lakini kugonga kule hataki. Nami zamu yangu ya kutunza wazee haiishi hadi jioni. Nikiikosa tena...

Kwa hiyo kesho nahitaji nepi sita, maziwa, sweta ya njano, na mtu wa kumvusha mwanangu kutoka mlango mmoja hadi wa pili. Hatua nane tu.