Wimbo wa Tatu Hatukuuondoa

Kaka yangu mpendwa,

Mama anakusalimu. Goti limepona, ameanza tena kugombana na jirani.

Albamu yetu ya roki imetoka! Meneja alitaka tuuondoe wimbo wa tatu, ule unaowataja kwa majina ninyi wafanyakazi mliofungwa kwa sababu ya mgomo.

"Redio hazitaupiga," alisema.

Mpiga gitaa wetu akamjibu, "Basi watu watauimba wenyewe."

Tukaurekodi.

Kweli, redio hazikuupiga. Lakini Jumamosi alasiri, kwenye onyesho letu, ukumbi ulifurika hadi ngazini. Tulipofika kwenye majina yenu, umeme ukakatwa, vipaza sauti vikanyamaza. Nilidhani tumekwisha. Kumbe watu wanayajua majina yote kumi na moja! Wakayaimba, nami nikawapigia ngoma mpaka mwisho. Lako Mama aliliimba kwa sauti iliyopasuka, huku machozi yakimtoka.

Polisi wameniita Jumatatu. Usihangaike, nitakwenda na wakili, na bendi nzima itanisindikiza. Wanataka kujua nani aliyetunga wimbo ule. Najua askari wa gereza ataisoma barua hii kabla yako. Aisome tu, na awapelekee jibu: niliutunga mimi.

Ni mimi dada yako,
mpiga ngoma